Macho ya Eli: Kuzitambua Dalili za Ulevi na Dawa za Kulevya

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Samweli 1:9–18, 1 Samweli 2:12–17, 22–25, 1 Samweli 3:1–3, 11–14, Mithali 23:29–35, Mwanzo 9:20–27, 1 Wakorintho 6:9–11, 19, 20, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2. Lisome kwa sauti kila siku ya juma hili katika Biblia yako mpaka ulijue kwa moyo.

Fikiria kisa hiki, ambacho kingeweza kutokea katika kanisa lolote la jijini Arusha. Ni Sabato asubuhi, Sombetini. Kijana mgeni anainuka kwenye benchi la nyuma na kuanza kuyumba. Jasho linamtiririka. Anapoulizwa jina lake anajibu maneno yasiyoeleweka, kisha anamsukuma shemasi aliyemshika mkono. Mzee wa kanisa hasiti. “Huyo amelewa,” anamnong’oneza shemasi. “Mtoeni nje kabla watoto hawajaona.”

Nje, muuguzi mmoja mshiriki wa kanisa anaufungua mfuko wa kijana huyo na kukuta sindano ya insulini. Kumbe ni mgonjwa wa kisukari. Alijidunga dawa yake alfajiri, akatoka bila kula ili awahi ibada, na sasa sukari imeshuka mno. Anapewa soda anywe taratibu. Baada ya muda mfupi anazungumza vizuri, na yeye ndiye anayeomba radhi kwa usumbufu.

Jioni mzee anarudi nyumbani. Mwanawe wa miaka 22, dereva wa bodaboda katika kijiwe cha Mbauda, amesinzia kwenye kochi huku sahani ya wali iko mapajani. “Amechoka na kazi,” mzee anamwambia mkewe. Mama hajibu. Kwa miezi 3 ameyaona mengi, na kila alipoyasema alipewa jibu hilo hilo.

Katika siku moja mzee aliona ulevi usiokuwepo, na hakuuona uliokuwepo. Biblia inamtaja mtu mwingine aliyekosea kwa namna hizo mbili: kuhani Eli. Juma hili, kupitia habari zake, jifunze namna ya kuzitambua dalili za ulevi na matumizi ya dawa za kulevya, na namna ya kumwendea mtu mwenye dalili hizo kwa kweli na kwa upole.

JUMAPILI

Macho Yaliyokosea Hekaluni

Soma 1 Samweli 1:9–18. Eli aliona nini hasa? Ni nini ambacho hakukiona wala hakukisikia?

______________________________________________

Hana hakuja Shilo kunywa. Alikuja na uchungu wa miaka mingi. Eli, ameketi kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango, aliona midomo ikicheza bila sauti. Hiyo ilikuwa dalili moja tu, tena ilionekana kwa mbali. Juu ya dalili hiyo moja aliweka hukumu kamili, kisha akaitamka mbele ya mwanamke aliyekuwa tayari amevunjika moyo.

Hapa pana kanuni ya kwanza ya somo hili: dalili ni kengele, siyo hukumu. Kengele inakuambia uamke ukatazame. Haikuambii utakachokikuta.

Magonjwa mengi yana sura inayofanana na ulevi. Sukari ikishuka kwa mgonjwa wa kisukari huleta jasho, kutetemeka, hasira na maneno yasiyopangika. Kifafa humwacha mtu ameduwaa baada ya degedege. Malaria kali inaweza kumchanganya mtu akili. Kifua kikuu hukondesha. Sonona humfanya mtu ajitenge, alale mchana na kuacha kuoga. Kijana anayefiwa au anayefeli mtihani anaweza kubadilika tabia bila kugusa hata sigara. Hata macho mekundu, ambayo wengi huyaona kuwa ushahidi tosha, yanaweza kuwa ya vumbi na upepo wa siku nzima juu ya pikipiki.

Basi mtazamaji mwaminifu afanye nini? Atazame mambo 3. La kwanza ni badiliko: je, mtu huyu amekuwa tofauti na alivyokuwa? Aliyekuwa mpole tangu utoto hana dalili kwa kuwa mpole. Aliyekuwa mchangamfu akawa bubu amebadilika. La pili ni wingi: je, dalili ziko kadhaa kwa pamoja, katika mwili, katika fedha, katika usingizi, katika marafiki? La tatu ni kujirudia: je, jambo hili limetokea mara moja, au lina majuma na miezi?

Angalia pia jambo jema kwa Eli. Hana alipojibu, Eli alisikiliza. Hakushikilia neno lake kwa sababu ya cheo chake. Alibadilisha kauli palepale na kumwombea amani (fungu la 17). Mtu aliyekosea kuhukumu anaweza kutengeneza, na siyo aibu kwa kuhani, mzee wa kanisa wala mzazi kufanya hivyo.

Je, umewahi kumhukumu mtu kwa dalili moja? Kama yuko hai na unaweza kumfikia, unadaiwa neno gani kwake?

JUMATATU

Picha Iliyochorwa na Sulemani

Soma Mithali 23:29–35. Orodhesha dalili zote za ulevi unazoziona katika mafungu haya. Ni zipi za mwili, za akili, na za mahusiano na watu?

______________________________________________

Ni vigumu kupata maelezo mafupi ya ulevi yaliyo kamili kuliko haya. Kuna ugomvi na manung’uniko. Kuna majeraha ambayo mwenyewe hajui yalitoka wapi. Kuna macho mekundu, na kukaa sana kwenye kinywaji. Kuna kuona mambo ya ajabu na kusema yaliyopotoka. Kuna kuyumba kama mtu aliyelala katikati ya bahari. Kuna kupigwa bila kuhisi maumivu. Kisha, katika fungu la 35, linakuja la kutisha kuliko yote: baada ya hayo yote, mtu anaamka na kukitafuta tena. Mapenzi ya starehe yamegeuka kuwa utumwa. Madaktari leo huuita uraibu, na alama yake kuu ni ile ile: kuendelea kutumia huku madhara yanaonekana wazi.

Katika mitaa ya Arusha, kutoka Sombetini na Ngarenaro hadi vijiji vya mlimani Meru, kinywaji kina sura nyingi. Kuna bia na pombe kali za dukani. Kuna mbege na pombe ya ndizi. Kuna gongo, inayopikwa kwa kificho, ambayo ikichanganyika na kemikali iitwayo methanoli inaweza kupofusha na kuua. Kwa miaka mingi kulikuwa na viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki vilivyotosha mfuko wa shati na vilivyouzwa kwa bei ya chini. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Vifuko viliondoka, kiu haikuondoka navyo. Sheria inaweza kuondoa chombo, lakini anayeishi na mnywaji bado anahitaji macho.

Dalili za mwanzo za ulevi ni ndogo. Mtu anaanza kunywa akiwa peke yake. Anatafuna pipi kali au karafuu kila anapoingia nyumbani. Anapoulizwa amekunywa kiasi gani, anapunguza hesabu. Anahitaji kinywaji zaidi kuliko zamani ili ahisi kile alichokihisi zamani; jirani wanamsifu kwamba “ana kichwa kigumu”, wasijue kwamba hiyo sifa ni dalili. Anasahau maneno aliyoyasema jana usiku.

Dalili za kati zinagusa kazi na mfuko. Jumatatu zinakuwa siku za ugonjwa. Madeni madogo dukani yanaongezeka. Vitu vinatoweka nyumbani: leo jiko la gesi, kesho simu ya mtoto.

Dalili za hatari ni zile za mwili uliokwisha kuzoea. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo. Wenyewe huita “kuzimua”, na husema kwa utani. Lakini mtu anayelazimika kuzimua kila asubuhi ili aweze kushika kikombe hafanyi utani tena. Baadaye macho yanakuwa ya njano, tumbo na miguu inavimba, na mtu anatapika damu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Soma tena fungu la 35. Kwa nini maumivu peke yake hayatoshi kumfanya mlevi aache? Jibu lako linabadilishaje namna unavyozungumza naye?

JUMANNE

Hekalu Lililovamiwa

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Ikiwa mwili ni hekalu, kuna tofauti gani kati ya kulitazama hekalu ili kulilinda na kulitazama ili kulishutumu?

______________________________________________

Pombe ina harufu. Dawa nyingi za kulevya hazina. Ndiyo maana wazazi wengi wa Kiadventista, ambao wangegundua bia mara moja, hukaa mwaka mzima na mtoto anayetumia kitu kingine wasijue. Zifuatazo ni dalili za dawa zinazoonekana zaidi katika ukanda huu.

Bangi. Macho huwa mekundu, mdomo hukauka, na njaa huja ghafla, hasa ya vitu vitamu. Mtumiaji hucheka bila sababu ya wazi, husahau alichoanza kusema, na muda humpotea. Nguo huwa na harufu ya majani yaliyochomwa. Katika mfuko hukutwa mbegu ndogo, karatasi za kusokotea, au msokoto wenyewe. Kwa baadhi ya vijana huja woga na kushuku kwamba watu wanamsema. Wengine husikia sauti. Huyo anahitaji daktari wa afya ya akili, siyo kuambiwa amerogwa.

Mirungi. Huyu ni kinyume cha mlevi wa pombe. Anaongea sana, hana usingizi, hana njaa. Mboni za macho hupanuka. Shavu moja huvimba kwa majani, na bigijii na soda haviishi karibu. Siku inayofuata hununa na kuwa na huzuni nzito. Meno hubadilika rangi, fizi huuma, choo huwa kigumu. Madereva wa safari za usiku hushawishika nayo ili wasilale. Nchini Kenya majani haya huuzwa hadharani, lakini Tanzania ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria, na anayekutwa nayo anaweza kufungwa.

Heroini, inayoitwa mitaani “unga”. Mboni za macho huwa ndogo sana, kama ncha ya sindano, hata gizani. Mtumiaji husinzia akiwa ameketi au amesimama, kichwa kikishuka polepole kisha kuinuka, chakula kikiwa mkononi. Hujikuna usoni na mwilini. Sauti huwa nzito na ya kukwaruza. Hupenda mno vitu vitamu. Huvaa mikono mirefu kwenye jua kali akificha alama za sindano. Hukaa sana chooni. Nyumbani hukutwa karatasi ya fedha iliyoungua, vipande vidogo vya nailoni vilivyofungia kete, au kijiko cheusi kwa chini. Akikosa dawa, huja arosto: kupiga miayo mfululizo, makamasi na machozi, jasho pamoja na baridi, ngozi kusisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo kuuma, kuhara, na mifupa kuuma usiku kucha. Wazazi wengi hudhani ni malaria. Tofauti ni kwamba malaria hii hupona ghafla mara kijana “akitoka kidogo” na kurudi.

Vidonge, dawa za kikohozi na gundi. Dawa halali pia zinaweza kutumiwa vibaya: vidonge vya usingizi, vya maumivu makali, na dawa za kikohozi zenye kodeini. Chupa tupu nyingi chini ya godoro ni dalili. Kwa watoto wa mitaani, gundi huacha harufu kali kwenye nguo na vipele kuzunguka pua na mdomo.

Mtu asijidanganye kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba ya bangi Kisimiri Juu, katika wilaya ya Arumeru, upande wa Mlima Meru. Na mirungi imelimwa katika milima ya wilaya ya Same, wilaya ile ile ambayo wamishonari wa kwanza wa Kiadventista waliifungulia kazi nchini, pale Giti, mwaka 1903. Injili na majani hayo vimeota katika milima ile ile. Kanisa haliwezi kuuliza kama jambo hili litafika kwake. Linaweza tu kuuliza kama litakuwa macho.

Katika darasa lako, ni dalili ipi kati ya hizi ambayo hukuijua kabla ya leo? Ni nani mwingine katika kanisa lako anayehitaji kuijua?

JUMATANO

Ukimya wa Nyumbani

Soma 1 Samweli 2:12–17, 22–25 na 3:11–14. Eli alijua nini kuhusu wanawe? Alifanya nini, na ni nini ambacho hakufanya?

______________________________________________

Tatizo la Eli kwa Hana lilikuwa haraka. Tatizo lake kwa wanawe lilikuwa kuchelewa. Fungu la 22 linasema alisikia mambo yote. Alikemea, lakini akiwa mzee sana na maovu yamekwisha kuwa desturi, kisha hakuchukua hatua yoyote. Ujumbe uliokuja kwa Samweli haukusema kwamba Eli hakujua. Ulisema alijua, na hakuwazuia (3:13). Macho yake yalikuwa yameanza kupofuka (3:2), lakini upofu uliomwangusha haukuwa ule wa mwili.

Kwa nini mzazi anayeona haoni? Rudi kwa mzee wa Sombetini. Yeye ndiye anayefundisha somo la kiasi kanisani. Mwanawe aliimba besi katika kwaya. Kama neno likitoka nje, watu watasema nini? Ataketi wapi Sabato ijayo? Kwa hiyo kila dalili inapewa jina jingine. Kusinzia ni uchovu. Madeni ni ubovu wa biashara. Kukonda ni kwa sababu hapendi kula. Na mama, ambaye alikikuta kijiko cheusi nyuma ya ndoo ya maji, anakisugua kwa jivu na kukirudisha kabatini.

Soma Mwanzo 9:20–27. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao aliyelewa. Je, jambo hilo ni sawa na lile la mama kukisugua kijiko?

______________________________________________

Si sawa, na tofauti hiyo ni muhimu. Hamu aliigeuza aibu ya baba yake kuwa habari ya kusimulia. Ndugu zake waliifunika aibu: walirudi kinyumenyume, hawakutazama, hawakutangaza. Upendo hufunika aibu ya mtu mbele ya wasiohusika. Lakini upendo hauufuniki ugonjwa mbele ya anayeweza kutibu. Kumwambia daktari, mchungaji mwaminifu au ndugu mmoja mwenye busara siyo kumvua mtu nguo. Kutangaza katika kikao cha kina mama ili “waombee”, kabla mhusika hajaambiwa neno, ni kazi ya Hamu iliyovikwa vazi la maombi.

Kuna namna nyingine ambayo familia huendeleza uraibu bila kukusudia: kulipa madeni yake kimyakimya, kumpigia simu mwajiri na kusema anaumwa, kumpa fedha mkononi kwa sababu “anateseka”, kuwaambia wadogo zake wasiseme. Kila tendo hilo linaonekana kuwa huruma. Kwa pamoja yanamwondolea mraibu kila sababu ya kutafuta msaada.

Je, kuna jambo nyumbani kwako ambalo kila mmoja analijua na hakuna anayelitaja? Ni nani angekuwa mtu sahihi wa kuambiwa kwanza?

ALHAMISI

Kutengeneza Wavu

Soma Wagalatia 6:1–5. Ni nani anayetumwa kumwendea aliyeanguka? Aende kwa roho gani, na ajiangalie juu ya nini?

______________________________________________

Neno la Kiyunani ambalo Paulo analitumia kwa kumrejesha aliyeanguka ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21, pale wavuvi walipokuwa wakizitengeneza nyavu zao. Wavu uliochanika hautupwi ufukweni wala hauchapwi fimbo. Hushikwa kwa mikono yenye subira, tundu kwa tundu, mpaka uweze tena kushika samaki.

Mzee wa Sombetini anakiri kosa lake kwa kijana wa kisukari kwanza. Kisha, asubuhi ya siku ya kazi, anamkuta mwanawe akiosha pikipiki. Amechagua saa ambayo kijana hajatumia kitu wala hayuko kwenye arosto. Hajaja na ndugu 10, wala na fimbo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Sijaja kukugombeza. Jumatatu ulisinzia na sahani mapajani. Jumatano uliniomba elfu 20 ya mafuta, na pikipiki haikuondoka hapa. Jana usiku nilikusikia ukihara na kulia mpaka alfajiri. Naogopa nitakuzika.”

“Ni uchovu tu, baba.”

“Nimelisema neno hilo miezi 3. Sasa silisemi tena.”

Kijana anaendelea kuosha gurudumu lile lile. Mwishowe anauliza, “Nikikwambia, mtanifuta kwenye kwaya?”

“Twende hospitali kwanza. Habari ya kwaya tutaizungumza ukiwa hai.”

Chunguza maneno ya baba. Anataja aliyoyaona, kwa siku na kwa tendo. Hamwiti mwanawe teja. Anasema hofu yake, siyo hasira yake. Hasemi uongo, na hakubali uongo. Tena anakuja na hatua ya kwanza mkononi: “Twende.”

Hatua hiyo iwe wapi? Anzia kituo cha afya au hospitali ya serikali iliyo karibu, na uulize huduma za afya ya akili na uraibu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina simu ya bure, namba 119, kwa wanaohitaji ushauri au kutoa taarifa. Kwa waraibu wa heroini kuna tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na kuenea katika mikoa mingine. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Humwondolea arosto na kumwezesha kurudi kazini bila kubwia. Wapo washiriki wanaosema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Lakini hakuna anayemwambia mgonjwa wa kisukari atupe insulini ili aonyeshe imani. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako waraibu huishi kwa muda wakijifunza upya maisha. Kabla ya kumpeleka mtu, tembelea, uliza kama nyumba imesajiliwa, na hakikisha wakaaji hawafungwi minyororo wala kupigwa.

Mambo 3 ya usalama hayapaswi kusahaulika. Kwanza, mlevi wa muda mrefu asifungiwe chumbani ili “aache kwa maombi”. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kufa. Mwombee, na umpeleke kwa daktari aache chini ya uangalizi. Pili, aliyeacha heroini kwa majuma kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, kwa sababu mwili hauna tena uzoefu ule. Siku za baada ya kutoka kituoni au gerezani ndizo za kukaa naye karibu zaidi. Tatu, ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida au anapumua polepole sana, midomo imebadilika rangi, mlaze kiubavu na umkimbize hospitali. Usimmiminie maziwa wala maji mdomoni, atakwama pumzi.

Soma 1 Wakorintho 6:9–11. Paulo anawaweka walevi katika orodha nzito, kisha anawaambia washiriki wa Korintho kwamba baadhi yao walikuwa hivyo. Maneno hayo yanampa tumaini gani anayetumia dawa leo? Yanamwonya nini mshiriki ambaye hajawahi kutumia?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1905, Ellen White aliandika sura nzima juu ya kuwafanyia kazi watumwa wa ulevi, na nyingine juu ya biashara ya vileo. Soma sura ya kwanza kati ya hizo, ukiangalia jinsi anavyounganisha mahitaji ya mwili na ya roho.

Kanisa la Waadventista Wasabato limefundisha tangu mwanzo kujiepusha kabisa na vileo, tumbaku na dawa za kulevya. Mafundisho hayo ni ngao nzuri. Lakini ngao ina hatari yake: aliyeanguka nyuma yake huona aibu kubwa kuliko mtu wa nje, na hujificha kwa ustadi zaidi. Kanisa linalohubiri kiasi lina wajibu wa ziada wa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema, “Nimeanguka,” kabla hajasemwa na jeneza lake.

Kisa cha Sombetini hakimaliziki kwa ushuhuda wa haraka. Kijana alianza tiba. Mwezi wa pili aliteleza, akarudi kijiweni kwa siku 4. Mama alimtafuta, akamkuta, akamwambia, “Chakula kipo.” Asubuhi walikwenda tena kliniki pamoja. Mzee aliomba kupumzishwa kufundisha somo la kiasi kwa robo moja, na badala yake akaliomba darasa lake liandae kipindi kimoja cha kuwafundisha wazazi dalili. Siku hiyo walikuja watu wengi kuliko walivyotarajia. Wengine walikaa nyuma, hawakuuliza swali lolote, na waliandika kila neno.

Maswali ya Kujadili

1. Eli alimkosea Hana kwa haraka, na wanawe kwa kuchelewa. Darasa lenu huelekea zaidi upande gani linaposikia habari ya mtu “anayetumia”? Toeni sababu.

2. Kanisa linapaswa kushughulikiaje nidhamu ya mshiriki mraibu ambaye ameanza tiba na bado anateleza? Wagalatia 6:1 na 6:5 yanawekaje mizani kati ya huruma na uwajibikaji?

3. Kijana aliuliza kwanza juu ya kwaya, kabla ya kukiri. Swali hilo linafundisha nini kuhusu kile ambacho vijana wanakiogopa kanisani?

4. Madereva wa bodaboda na wa safari za usiku hukesha kutafuta riziki. Kanisa linaweza kufanya nini kwa ajili ya vijana hao kabla mirungi au unga haujawafikia?

5. Kabla ya Sabato ijayo, tafuteni kituo cha afya kilicho karibu na kanisa lenu kinachotoa huduma kwa waraibu. Andikeni jina lake na siku zake za kliniki, mbandike kwenye ubao wa matangazo. Je, kuna yeyote ambaye angependa tangazo hilo lisiwepo? Kwa nini?

6. Someni pamoja Fungu la Kukariri. Kila mmoja, kimya moyoni, amtaje mtu mmoja ambaye mzigo wake ameuona na bado hajaugusa. Kisha ombeni.